Mvua ya Watani

1

Serikali ilipotangaza kwamba mvua sasa ni haki ya kila mwananchi, watu wa Igwamadi waliuliza jambo moja tu: itaanza kunyesha lini? Vigelegele hawakupiga. Haki walishapewa nyingi, ya maji, ya barabara, ya zahanati, na zote zilifika kwao zikiwa zimechoka na safari. Hii ya mvua angalau ilikuja na gari, na ndani ya gari kulikuwa na Mizani.

Aliyeipokea alikuwa mama mmoja, Perusi Ndahani, msemaji wa kijiji. Kazi yake hasa ilikuwa kutunza mbegu. Ghala la mtama na uwele la Igwamadi lilikuwa chumba cha pili cha nyumba yake, na ufunguo wake aliuning'iniza shingoni hata akienda kanisani. Lakini miaka minane nyuma alikuwa amesimama mbele ya lango la mashamba ya Bonde na sufuria na mwiko, akaipiga ile sufuria mpaka ikatoboka, na tangu siku hiyo watu wakasema huyu ndiye mdomo wetu. Kando yake siku ile alisimama Sudayi Mnyampala, fundi pampu wa Mseko, kijiji cha upande wa pili wa kilima. Yeye alipiga debe. Mabomu ya machozi yalipoanza walikimbia pamoja, na Sudayi akawa anamcheka kwamba anakimbia kama bata mwenye mayai.

Madai yao yalikuwa mafupi. Juu ya vilima vyote vya Bonde kampuni ya mashamba ilikuwa imesimika milingoti ya chuma, mirefu kuliko mnara wowote wa simu. Wingu lilipoingia kutoka mashariki, milingoti ile ililipigia umeme kutoka chini, matone yakashikana kabla ya wakati wake, na wingu likamwaga maji yote juu ya mizabibu na miparachichi ya watu wa ng'ambo. Kilichovuka kuja Mseko, halafu Igwamadi, kilikuwa kivuli tu. Watu walitaka milingoti ya Bonde izimwe msimu wa kupanda. Basi. Hawakuomba unga wa msaada, wala hawakuomba semina.

Serikali ilisikia, kwa namna yake ya kusikia. Ilitunga sera ndefu ya haki ya tabianchi, ikaunda Mamlaka ya Mgawo wa Mvua, ikasimika mlingoti mmoja mdogo Mseko na mwingine Igwamadi. Na kwa kuwa binadamu wanapendelea, ikanunua Mizani, mashine ya kusikiliza wananchi na kuamua mlingoti upi uwake, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Milingoti ya Bonde iliendelea kuwaka kama kawaida.

Mizani yenyewe ilikuwa sanduku jeupe lenye masikio manne ya waya, juu ya miguu mitatu. Iliwekwa katika godauni la zamani la ushirika, na watu wa vijiji vyote viwili wakaitwa pamoja, maana walikuwa wanagawana anga moja. Aliyeileta aliitwa Faustine Rwiza, kijana mpole wa miwani, cheo chake Afisa wa Ridhaa. Alieleza kwamba kila atakachosema mwakilishi wa kijiji mbele ya masikio yale kitapimwa na kuwa na nguvu ya sheria. Alirudia mara mbili. Hakuna anayeweza kusema hakueleza.

Perusi alisema yake, bila kupaza sauti. Alisema mbegu iliyobaki ghalani inatosha kupandwa mara moja tu. Akakumbusha kwamba kijiji kikikosa mavuno misimu mitatu mfululizo, Mamlaka inakifuta na kuwahamishia watu wake kwenye kambi za mjini, na Igwamadi na Mseko wote wameshakosa miwili. Akarudia dai la Bonde. Angekaa chini hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alimwona Sudayi anainuka upande wa pili, anapandisha suruali yake iliyomshinda kiuno, na mazoea yana taabu.

Igwamadi na Mseko ni watani. Inasemwa mababu zao waligombea kisima kimoja mpaka wakachoka kuuana, wakakubaliana badala yake watukanane. Mtani hakasirikiwi. Mtani ataingia kwako, atachukua kuku, na wewe utabaki unacheka. Na ukifa, ndiye atakayekuchimbia kaburi. Kabla hujalazwa humo atajilaza yeye kwanza, agome kutoka mpaka wafiwa wamtukane na kumpa chochote. Hata machozi ya msiba hayaruhusiwi kukauka bila mtani kuyachekesha kidogo.

Basi Perusi akaiambia Mizani kwamba hawa wa Mseko wapewe mvua ya kunawia uso tu, kwani kuoga hawakuzoea, wasije wakaugua bure.

Godauni lilicheka. Sudayi alisubiri kicheko kiishe, akaisogelea mashine, akakohoa kama askofu.

"Shika hili, mashine," akasema. "Mimi Sudayi Mnyampala, kwa niaba ya Mseko yote, mvua yetu tumewapa hawa wa Igwamadi. Wachukue yote. Sisi tutakunywa machozi yao, maana kwa kulialia hao hawana mpinzani."

Watu walicheka wakashikana mabega. Mama mmoja wa Mseko alitoka nje akiwa amebana tumbo. Hata Afisa wa Ridhaa alicheka, Perusi aliyaona meno yake. Baadaye Sudayi aliongea kwa kirefu na bila mzaha juu ya milingoti ya Bonde, juu ya visima alivyokuwa anavichimbua upya kila mwaka na kukuta mchanga, mpaka watu wakanyamaza na wengine wakainamisha vichwa. Mizani ilichukua yote mawili.

2

Uamuzi ulitoka kwa sauti ya Mizani yenyewe, sauti ya kike iliyotulia, kwenye vipaza sauti vya vijiji vyote viwili kwa wakati mmoja. Wingu la msimu halitoshi vijiji viwili. Mseko wameachia fungu lao kwa hiari, kwa kauli ya mwakilishi wao halali. Mlingoti wa Mseko utazimwa msimu mzima, na wa Igwamadi utawashwa kwa nguvu zote. Mamlaka inawapongeza wananchi wa Mseko kwa moyo wa kujitolea. Kuhusu Bonde haikusema kitu.

Sudayi alipiga simu hata kabla ile sauti haijamaliza. Alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Mtani, umesikia maajabu?" akasema. "Miaka minane nasema kweli, hakuna aliyeniamini. Nimetania mara moja, serikali nzima imeniamini."

Perusi naye alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli. Sudayi akamweleza kwamba tayari ameweka pingamizi. Mamlaka wamemwambia kauli inaweza kufutwa kama ilikuwa mzaha, ila mzaha unahitaji shahidi, na shahidi lazima atoke upande uliofaidika. Wakamuuliza anamtaja nani. Alipofika hapo alicheka tena, kana kwamba wamemuuliza jina la mama yake. Nimewaambia wakamuulize mtani wangu Perusi, akasema, atawaambia na suruali niliyovaa siku hiyo.

Kisha sauti yake ikawa ile ya siku ya lango. Alisema anajua hesabu za wingu, anajua kwamba wakigawana huenda mvua isimtoshe yeyote. Lakini tukifutwa, alisema, tufutwe wote wawili, twende wote tukalale mbele ya lango la Bonde, watu wa vijiji viwili ni wengi mno kuswagwa kama mbuzi. Wakitufuta mmoja mmoja ndio tumekwisha.

Perusi akamjibu kwamba asiwe na wasiwasi. Aliamini alichokuwa anakisema.

3

Rwiza alikuja peke yake, bila Mizani, amebeba kisikio kimoja tu kidogo cha kunasa sauti mfukoni, akaomba waongelee ndani. Perusi alimkaribisha ghalani kwa sababu ndiko kulikokuwa na viti. Mitungi ya mbegu ilikuwa imepangwa ukutani, mingi mitupu, midomo yake imefunikwa kwa vitambaa kama ilivyofunikwa siku zote, ili mgeni asijue ipi ina kitu.

Kijana yule hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililomuudhi Perusi. Angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi kumfukuza. Alikaa kwa adabu, akampa shikamoo, akanywa uji aliopewa mpaka chini ya kikombe. Ndipo akamweleza mambo kama yalivyo. Mlingoti ukiwashwa kwa nguvu yote mahali pamoja, matone yanashikana na kushuka mazito, mvua ya kupandia. Umeme huohuo ukigawanywa milingoti miwili, wingu linachokozwa bila kuiva. Inashuka mvua ya kulowesha vumbi, Mseko vumbi na Igwamadi vumbi. Mbegu inachipua, halafu inakufa. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe usiku kucha akitafuta njia nyingine, akasema, na macho yake yalionyesha hakulala.

Perusi akamuuliza kuhusu Bonde. Kule kuna wingu la vijiji kumi, milingoti ikizimwa siku chache tu kila mtu anapanda. Rwiza aliangalia kikombe chake. Alisema mkataba wa Bonde ulitiwa saini kabla ya sheria, kwa hiyo wingu la Bonde halimo kwenye hesabu.

"Mizani inapima kilichowekwa juu yake, mama," akasema. "Lile wingu hawajaliweka."

"Na nani anaweza kuliweka?"

Rwiza aliweka kikombe chini. Alitoa kisikio mfukoni, akakiweka juu ya mtungi uliokuwa katikati yao, lakini hakukiwasha.

Perusi alimwambia yeye alikuwepo siku ile, aliona, alicheka mwenyewe, kwa nini asiiambie Mamlaka. Rwiza akakiri kwamba alicheka. Akasema hata kwao wana watani, baba yake alipozikwa watani waliiba ng'ombe mzima na yeye akawashukuru. Anajua mzaha ni nini. Ila sheria haimuulizi yeye, wala haiiulizi mashine. Inamuuliza Perusi. Akisema ulikuwa utani, wingu litagawanywa na ajuavyo yeye vijiji vyote viwili vitafutwa mwakani. Akisema haukuwa utani, kimoja kitabaki.

Hapo ndipo mama wa watu alipowekwa. Waliomweka walikuwa mbali, kwenye ofisi zenye vipoza hewa, na hakuna hata mmoja wao aliyepoteza usingizi. Walichukua dhambi yao, wakaikata vizuri, wakamletea ghalani aimalizie yeye kwa mkono wake, halafu wakaiita ushirikishwaji wa wananchi.

Alifikiria mengi kwa muda mfupi. Alifikiria kambi za mjini, alikokwenda kumtembelea dada yake na kumkuta anauza maji ya viroba kwa watu waliomhamisha. Alifikiria makaburi ya Igwamadi, mumewe akiwa humohumo, yakilimwa na trekta la kampuni. Alimfikiria Sudayi, na akajiambia Sudayi ana ufundi, fundi hali njaa popote. Akajiambia Mseko watakata rufaa. Akajiambia kwamba Igwamadi ikibaki itakuwa na nguvu ya kuwadai Mseko warudishwe. Uongo ukitaka kumwingia mtu hauji mmoja, huja na ukoo mzima, na kila mmoja unajitambulisha kwa jina zuri.

Alijua pia jambo jingine, nalo halikuwa uongo. Alijua kwamba Sudayi, angekuwa ameketi yeye kwenye kiti hiki, angesema kweli bila hata kumaliza uji. Hilo lilimtia hasira badala ya kumpa nguvu. Ni rahisi kuwa mwema, alifikiri, kama hukutunza mbegu.

Rwiza akawasha kisikio. Taa ndogo ya kijani ikatokea juu yake. Akauliza kwa sauti rasmi iwapo mwakilishi wa Mseko, alipotoa kauli yake, alikuwa anatania.

Mkono wa Perusi ulikuwa umeshika ufunguo shingoni.

"Watu wa Mseko hawatanii kwenye mambo ya mvua," akasema.

Taa ikazimika. Rwiza akamshukuru, akampa shikamoo ya kuagia ambayo si desturi, akatoka. Perusi alibaki ameketi. Aliona kwamba kikombe cha mgeni kilikuwa kimeacha duara la uji juu ya mfuniko wa mtungi, akalifuta kwa upande wa kanga, akalifuta tena.

4

Mvua ilinyesha Igwamadi kwa namna ambayo watoto hawajawahi kuiona. Mlingoti ulinguruma juu ya kilima, nywele za watu zikasimama, harufu ya chuma kilichochomwa ikajaa hewani, na wingu likaja chini kabisa na kupasuka. Watu wazima walitoka nje wakalala kwenye matope. Mchungaji alivua viatu. Perusi aligawa mbegu mpaka mitungi yote ikabaki mitupu kweli, na kila aliyepokea alimshika mkono akamwita mama yetu.

Waziri alikuja kuzindua mlingoti. Alisimama chini ya mwavuli alioshikiwa na mtu mwingine, akasema Igwamadi ni kielelezo cha haki ya tabianchi barani, kwamba hapa ndipo wananchi wa chini walipodai na serikali ikawasikia. Walimpa Perusi kipaza sauti. Alitaja Bonde. Mpiga picha wa waziri alikuwa tayari ameshazima kamera yake ili isilowe.

Ukipanda juu ya kilima asubuhi uliweza kuona pande zote mbili. Huku kijani, kule rangi ya mkate. Wingu lilipita juu ya Mseko likiwa jeusi, limejaa, na kila lilipopita watu wa Mseko walitoka kwenye nyumba zao wakalitazama mpaka likavuka. Hawakurusha mawe kwenye mlingoti wa Igwamadi, ingawa walinzi walikuwa wamewekwa kwa ajili hiyo. Walikwenda lango la Bonde wakiwa peke yao, wachache, na wakaswagwa kama Sudayi alivyosema. Igwamadi walikuwa wanapalilia. Kupalilia kuna wakati wake, walisema, na hilo ni kweli.

Sudayi hakupiga simu. Perusi alisubiri matusi yake. Aliyatamani, akawa anayatunga mwenyewe akiwa shambani, maneno ambayo mtani wake angemtupia, na mengine yalikuwa mazuri kiasi kwamba alicheka peke yake. Baadaye mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka upande ule alimweleza kwamba Mamlaka ina kanuni ya uwazi. Ushahidi wote husikilizishwa hadharani kwa kijiji husika. Waliwakusanya watu wa Mseko, wakaweka sauti ya Perusi kwenye kipaza sauti, ile sentensi moja. Walipoisikia waliomba irudiwe, yule mtu alisema. Ikarudiwa. Kisha wakaenda majumbani.

5

Mavuno ya Igwamadi yalikuwa bado yanaanikwa wakati Mseko ilipofutwa. Malori ya Mamlaka yalipangwa kando ya shule, na watu walishaanza kung'oa mabati, siku aliyokufa Bibi Tabea, mama yake Sudayi. Alikuwa amekataa kupanda lori. Walipokuja kumbembeleza walimkuta amekaa kwenye kiti chake, ameshaondoka kwa njia yake mwenyewe. Mamlaka iliwapa wafiwa ruhusa ya kuzika kabla ya safari.

Habari ilipofika Igwamadi, watu walitazamana. Msiba wa Mseko una wachimbaji wake, na wachimbaji ni wao. Wengine walisema twende wapi na uso gani. Perusi alisema watakwenda. Mtani asipofika msibani, alisema, huo ndio mwisho wa utani. Na moyoni mwake kulikuwa na tumaini alilolionea haya hata yeye: kwamba kule kaburini, mahali ambapo matusi ni wajibu, Sudayi atalazimika kumtukana. Angemtukana kwa yote. Angemwita mwizi wa mawingu, mla mbegu, mchawi, na watu wangecheka, na kutokana na kicheko wangeweza kuanza tena.

Juu ya kilima alisimama, akachuma majani, akafuta matope yote kwenye viatu vyake kabla ya kuteremka. Wenzake walimwona, nao wakafanya hivyohivyo.

Wanaume wa Igwamadi walikuwa wamebeba majembe, kwa kuwa kwao ardhi ilikuwa laini na ukame walishausahau. Ardhi ya Mseko iliyadundisha. Watu wa Mseko waliwaletea sururu, wakazikabidhi kwa mikono miwili, wakarudi kuketi. Kazi ilichukua muda mrefu. Kila wachimbaji walipopumzika waliletewa maji kwa ndoo ndogo, maji yenyewe ya rangi ya chai, nao walioleta walipiga goti kidogo.

Mama mmoja wa Igwamadi alianza kazi ya utani kama inavyopaswa. Alijifunga kilemba cha marehemu, akachukua fimbo yake, akatembea katikati ya wafiwa akiwagombeza kwa sauti ya Bibi Tabea, mwone huyu hakuninunulia hata sukari, mwone yule anatoa kamasi tu machozi hana. Aliigiza vizuri. Siku nyingine watu wangegaragara. Watu wa Mseko walimtazama mpaka mwisho, na mmoja wao akasema asante, mmejitahidi sana, Mungu awabariki. Mama yule alivua kilemba na kukikunja.

Kaburi lilipokamilika Perusi aliteremka mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Alijilaza chali chini kabisa, vumbi likamwingia puani, akaona mstatili wa anga ambalo halikuwa na kitu. Akapaza sauti kwamba hapa ni pazuri, hatoki, huyo bibi atafutiwe pengine, na watu wa Mseko kwa ubahili wao wasidhani atatoka kwa maneno matupu.  Akangoja.

Kichwa cha Sudayi kikaonekana juu ya ukingo. Alikuwa amekonda, na suruali sasa alikuwa ameifunga kwa kamba. Kwapani alikuwa na kuku mmoja, amemfunga miguu vizuri. Alichuchumaa, akamteremsha yule kuku polepole mpaka karibu na mkono wa Perusi, bila kubishania ukubwa wake.

Kisha akasema, "Shikamoo, mama msemaji."

Sudayi alikuwa amemzidi Perusi umri, kiasi cha kuweza kumbeba mgongoni utotoni, na shikamoo ilikuwa ya kutoka kwake Perusi. Perusi alicheka kwa nguvu, akidhani huo ndio mwanzo, kwamba tusi linakuja nyuma yake. Kicheko chake kiligonga kuta za kaburi na kumrudia. Huko juu hakuna aliyecheka.

"Nitukane, mtani," akasema. "Nakuomba. Nitukane upendavyo."

Sudayi alimtazama bila chuki. Angekuwa na chuki ingekuwa afadhali.

"Uliiambia serikali watu wa Mseko hatutanii," akasema. "Tulikusikia, mama. Walitusikilizisha mara mbili. Basi hatutanii."

Akanyoosha mkono kumsaidia kupanda, kama mtu anavyomsaidia mgeni wa heshima kushuka kwenye gari. Nyuma yake malori yalikuwa yamewashwa injini. Bibi Tabea alikuwa anangoja juu ya machela, wafiwa wote wamesimama, na Sudayi hakumharakisha. Alibaki ameinama, mkono umenyooka, anasubiri aitikiwe salamu yake.

Perusi alikaa, kuku mapajani.

"Marahaba," akaitika.